Umeme ukikatika katikati ya kupanua diski

Swali limetoka kwa mwalimu wa TEHAMA wa sekondari moja upande wa Uyole, Mbeya. Nimelifupisha kidogo. Kwa mgeni wa fani: ext4 na XFS ni mifumo ya faili, yaani namna za kupanga faili diskini; dd ni amri ya kunakili diski nzima, df huonyesha ukubwa na nafasi iliyobaki, na resize2fs hubadilisha ukubwa wa ext4:

"Shikamoo mtaalamu. Seva ya shule yetu ilikuwa na diski ya data ya TB 1, ikajaa. Nimenunua ya TB 4, nikanakili kila kitu kwa dd, na inasomeka vizuri, ila df bado inasema TB 1. Mfumo wa faili ni ext4. Nilifanya majaribio kwanza kwenye kompyuta nyingine, nikashangaa resize2fs imemaliza kwa sekunde chache. Je, kuna chochote ilichoandika kule kwenye eneo jipya, au imebadilisha namba tu? Halafu huku kwetu mvua zimeanza, umeme unakatika bila taarifa. Ukikatika katikati ya kazi hiyo, matokeo ya wanafunzi yatapona? Mwisho, mwenzangu ananishauri nihamie XFS, anasema ndiyo salama zaidi. Nifanyeje?"

Marahaba, Mwalimu. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Ukipanua ext4 ikiwa imepachikwa, yaani imeunganishwa kwenye seva na inafanya kazi, diski ikiwa ni ya kweli na inatii amri, umeme ukikatika katikati matokeo ya wanafunzi hayaguswi. Ukiwasha tena utakuta mfumo una TB 1 ileile, au umefika kati, tuseme TB 2 na kitu, kwa sababu keneli, yaani kiini cha Linux, hupanua kwa mafungu, na kila fungu likikamilika ni mali yako. Utaendesha resize2fs tena na itaendelea pale ilipoishia. Hatari zipo, lakini ziko kwingine: kwenye jedwali la patisheni (orodha ya vipande ambavyo diski imegawanywa), kwenye diski inayodanganya, na kwenye haraka ya mtu umeme unaporudi.

Ili uniamini, inabidi tuangalie kinachoandikwa. Ext4 haioni diski kama shamba moja kubwa. Inaigawa katika makundi ya bloku. Bloku ya kawaida ni KB 4, na kila kundi lina bitimapu yake, yaani ramani ambayo kila biti inawakilisha bloku moja: 0 ni wazi, 1 imetumika. Ramani hiyo inakaa kwenye bloku moja tu. Bloku moja ina baiti 4,096, kila baiti biti 8, jumla biti 32,768. Kwa hiyo kundi moja haliwezi kuzidi bloku 32,768, ambazo ni MB 128. Mbali na ramani ya bloku, kundi linahitaji ramani ya inodi na jedwali la inodi zenyewe. Inodi ndiyo kadi ya faili: nani mwenye faili, ukubwa wake, tarehe zake, na bloku zake ziko wapi. Mfumo ulioumbwa kwa mipangilio ya kawaida unaweka inodi 8,192 kwa kila kundi, kila moja baiti 256, hivyo jedwali moja ni MB 2.

Kutoka TB 1 hadi TB 4 unaongeza makundi zaidi ya 22,000. Majedwali ya inodi peke yake yanazidi GB 40. Ukiandika GB 40 kwenye diski ya kawaida inayozunguka, utakaa dakika kadhaa. Wewe umeona sekunde. Kwa hiyo swali lako la kwanza ni la haki kabisa, na nitalirudia.

Kwanza niseme kwa nini eneo jipya linahitaji maandalizi. Wengi hudhani sehemu iliyoongezwa ni karatasi nyeupe. Si hivyo. Diski iliyowahi kutumika ina mabaki ya mfumo uliotangulia, na mabaki hayo yana sura halisi: inodi za zamani zenye majina ya wamiliki, ukubwa na tarehe, ramani za zamani, hata supabloku, yaani bloku inayobeba ukubwa na hesabu kuu za mfumo mzima. Na hata diski yako mpya kutoka dukani si nyeupe tena. Kama ile ya zamani ilitumia jedwali la patisheni la aina ya GPT, nakala ya pili ya jedwali hilo hukaa mwisho kabisa wa diski. dd imeinakili ilivyo, kwa hiyo sasa imekaa karibu na alama ya TB 1, mwanzoni kabisa mwa eneo unalotaka kulifanya mali ya ext4. Haitakudhuru, maana ext4 italihesabu eneo hilo kuwa wazi na siku moja itaandika juu yake. Lakini ona jinsi takataka zinavyoweza kukaa mahali palepale unapodhani pako safi.

Sasa mfumo ukitangaza "mimi ni TB 4" kabla hujaandaa ramani za makundi mapya, ataingia mwanafunzi na faili lake, keneli itasoma ramani ya kundi la 9,000, itakuta takataka, na itazifuata. Ama itakataa bloku zilizo wazi, ama itagawa bloku ambazo ni za ramani yenyewe. Hapo ndipo data inapoliwa kimyakimya.

Kinga yake ni mpangilio wa kazi, na mtu yeyote aliyewahi kutunza ghala atauelewa. AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ikiongeza vyumba kwenye ghala la mahindi, mtunza ghala anafagia chumba, anakipa namba, anatundika kadi tupu mlangoni. Akimaliza ndipo anafungua leja kuu na kuandika kwamba ghala lina vyumba 12 badala ya 8. Akiugua baada ya kufagia na kabla ya kuandika leja, hakuna hasara: kuna vyumba safi ambavyo hakuna anayevijua. Akianza na leja, mpokea mzigo atapeleka magunia kwenye chumba chenye panya na sumu ya mwaka jana.

Ext4 inafanya hivyohivyo. Keneli kwanza inasoma bloku ya mwisho kabisa ya ukubwa ulioomba, kuona kama diski inafika huko kweli. Kisha inaandaa fungu la makundi mapya: ramani pale zinapohitajika, majedwali, na nakala za orodha ya makundi kwa yale yanayobeba nakala. Yote hayo yanaandikwa mahali ambapo supabloku bado haipatambui. Baada ya hapo ndipo maelezo ya makundi mapya na hesabu mpya za supabloku zinapoingia kupitia jonali, kama muamala mmoja. Jonali ni daftari la kuandikia kwanza: mabadiliko yote yanaandikwa humo, halafu inapigwa alama ya kukamilika. Umeme ukikatika kabla ya alama, muamala mzima unapuuzwa. Ukikatika baada ya alama, mfumo ukipachikwa tena mabadiliko yanarudiwa hadi mwisho. Nakala za akiba za supabloku zinasasishwa mwishoni, na zikichelewa si msiba, kwa sababu ile ya kwanza ndiyo inayosomwa siku zote.

Mpangilio huo unalindwa hata ndani ya RAM. Prosesa yenye viini vingi inaweza kuona maandishi ya kiini kingine kwa mfuatano tofauti na ulioandikwa. Kwa hiyo wanaoandika ext4 wameweka kizuizi cha kumbukumbu kabla ya kuongeza idadi ya makundi, ili kiini kingine kisione idadi mpya kabla ya kuona maelezo ya makundi yenyewe. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha wazo ni lilelile kila ngazi: idadi inabadilika mwisho.

Turudi kwenye sekunde zako chache. Hujadanganywa. Kila kundi lina bendera kwenye maelezo yake, na mojawapo inasema: jedwali la inodi la kundi hili halijaandaliwa, usilisome. Pamoja nayo kuna hesabu ya inodi ambazo hazijawahi kutumika, na yote yanalindwa na cheksamu, namba ya kuhakiki, ili biti moja ikiharibika ijulikane. Kwa hiyo keneli haina haja ya kuandika zile GB 40 wakati unasubiri. Inaweka bendera, inakuachia mfumo uendelee na kazi, kisha uzi wa keneli uitwao ext4lazyinit unapita taratibu nyuma ya pazia ukiandika sifuri kwenye jedwali moja baada ya jingine. Ndiyo maana taa ya diski inaendelea kupepesa kwa muda mrefu baada ya kazi "kuisha", na wengine hudhani wameingiliwa na kirusi.

Utauliza: kama bendera inatosha, kwa nini kuandika sifuri baadaye? Kwa sababu ya siku mbaya. Maelezo ya kundi yakiharibika, e2fsck, programu ya kukagua na kurekebisha ext4, haiwezi tena kuamini bendera, na inalazimika kulisoma jedwali zima. Ikikuta inodi za mfumo wa zamani ambazo hazikufutwa, itaziona kama faili halali na kujaribu kuzifufua, na mizimu hiyo itadai bloku ambazo leo ni za matokeo ya kidato cha nne. Kwa hiyo uache uzi huo umalize. Ukikatizwa na umeme hakuna neno: mfumo ukipachikwa tena unaendelea na makundi yaliyobaki.

Kuna jambo hapa ambalo mafundi wengi wanalipindua. Wanaamini kupanua mfumo ukiwa umetolewa, yaani haujapachikwa, ni salama kuliko ukiwa kazini. Kwa ext4 na umeme wa kwetu, nasema kinyume. Ukiwa umepachikwa, kazi inafanywa na keneli kupitia jonali. Ukiwa umetolewa, resize2fs inafanya kazi yenyewe, inaandika moja kwa moja diskini bila jonali, na ikikatizwa katikati unaweza kuachiwa mfumo usiolingana. Ipo chaguo ya -z inayohifadhi bloku za zamani kwenye faili la kurudishia, na atakayelazimika kufanya kazi nje aitumie. Kupunguza mfumo hakuna njia nyingine, ext4 lazima itolewe. Kuongeza, pachika kwanza, ndipo uongeze.

Sasa yanayovunja mpangilio. La kwanza ni kashe ya diski. Keneli ikisema "andika hiki kabla ya kile", diski inaweza kuvipokea vyote kwenye kumbukumbu yake ya ndani na kuviandika kwa mfuatano wake yenyewe. Ndiyo maana keneli hutuma amri ya kusukuma kashe chini kabla na baada ya alama ya muamala. Ukikuta kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski za kupachika, mtu ameandika nobarrier au barrier=0 ili kuongeza kasi, ifute leo. Na diski yenyewe ichomeke kwenye SATA ndani ya seva, si kwenye kikasha cha USB cha bei ya chini, kwa sababu baadhi ya vikasha havipitishi amri hiyo, na vya zamani vingine haviwezi hata kuhesabu kupita TB 2.

La pili ni diski feki, na hili nimeliona kwa macho. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa Mafinga, kwenye ofisi ya watu wa mbao. Walikuwa wameongeza diski ya nje iliyoandikwa TB 2 kwenye LVM yao (programu inayounganisha diski kadhaa zionekane kama kundi moja), wakapanua ext4 juu yake, kila amri ikasema sawa. Baada ya kuzima na kuwasha, kundi la diski halikupatikana. Diski ile uwezo wake wa kweli ulikuwa mdogo mno kuliko uliochapishwa. Anwani zilizozidi uwezo zilizunguka na kurudi mwanzo. Kwa hiyo maandalizi ya makundi mapya, yale yale tuliyoyasifu, yaliandikwa juu ya mwanzo wa diski, ambako LVM huweka lebo yake katika sekta 4 za kwanza. Lile jaribio la keneli la kusoma bloku ya mwisho halikusaidia, kwa sababu diski feki husomeka popote, inarudisha kitu chochote bila kulalamika. Hesabu zao zilikuwa salama kwenye diski ya kwanza, lakini hazifikiki. Tulikaa siku 2 tukirejesha maelezo ya LVM kutoka kwenye nakala zilizo ndani ya /etc/lvm. Niliumia kuwaona wale watu wakisubiri mlangoni na madaftari yao ya mauzo mikononi.

Kwa hiyo, Mwalimu, kabla ya jambo lolote ipime hiyo ya TB 4. Programu ya f3probe kwa chaguo la --destructive itakuambia uwezo wa kweli. Jina la chaguo hilo si mapambo, itaharibu ulichonakili, kwa hiyo utarudia dd usiku mwingine. Ningekubali kupoteza usiku huo. Hakikisha mara mbili jina la diski kwa lsblk, na diski ya zamani iwe imechomolewa wakati wa kupima.

La tatu ni jedwali la patisheni. Endesha fdisk -l na utazame aina. Ikiandika dos, hilo ni jedwali la zamani la MBR, linalohesabu sekta kwa biti 32. Sekta ya baiti 512 mara idadi hiyo ni takriban TB 2.2, na nusu ya pili ya diski yako haitafikika. Kwa kuwa hii ni diski ya data na si ya kuwashia seva, igeuze iwe GPT kwa sgdisk -g mfumo ukiwa umetolewa. Ikiandika gpt, endesha sgdisk -e, itakayohamisha ile nakala ya pili kutoka katikati kwenda mwisho halisi wa diski. Baada ya hapo growpart itarefusha patisheni. Jambo la kufa na kupona hapa ni sekta ya kuanzia: ibaki ileile. Mwisho wa patisheni unasogea, mwanzo hausogei hata sekta moja. Iandike sekta hiyo kwenye karatasi kabla na uilinganishe baada.

Kabla ya kupanua endesha e2fsck -f mfumo ukiwa bado umetolewa, kwa sababu mfumo wenye kasoro ndogo ukipanuliwa unakuwa na kasoro kubwa. Tazama pia dumpe2fs -h: utaona bloku zilizotengwa kwa ajili ya kukuza orodha ya makundi. Kwa kawaida hutengwa za kutosha kukuza mfumo hadi mara kadhaa ya ukubwa wa kuzaliwa, nawe unakuza mara 4 tu. Pachika, endesha resize2fs na jina la patisheni bila kutaja ukubwa, na itajaza nafasi yote. Fanya asubuhi, kabla mawingu hayajaanza kujikusanya kule Mporoto, na seva iwe kwenye UPS (betri ya akiba) hata kama ni ya dakika 15.

Umeme ukikatika hata hivyo, usikimbilie e2fsck -y. Acha umeme utulie, washa, pachika mfumo kama kawaida ili jonali irudiwe, kisha soma dmesg (ujumbe wa keneli) na df. Nimeona watu wakiendesha e2fsck -n kabla ya jonali kurudiwa, wakaona kurasa za makosa, wakapaniki na kuumba mfumo upya. Makosa mengi ya namna hiyo ni kazi iliyokuwa ikisubiri kukamilishwa. Kama mfumo unakataa kupachikwa, simama hapohapo. Unayo diski ya zamani.

Na hiyo diski ya zamani ndiyo inayonipa amani kuhusu kazi yako kuliko maelezo yote niliyotoa. Iweke kabatini, iandike tarehe, isichomekwe pamoja na mpya kwenye seva moja. dd imezipa zote mbili UUID ileile, yaani namba ya utambulisho wa mfumo wa faili, na mfumo unaopachika kwa UUID unaweza kuchukua diski usiyoitaka.

Kuhusu XFS, mwenzako hajakosea kuisifia, ila hajakupa sababu ya kuhama. XFS nayo hupanuliwa ikiwa imepachikwa, kwa xfs_growfs, na mpangilio wake ni uleule: inasoma sekta ya mwisho, inaandika vichwa vya makundi mapya nje ya logi kwa kuwa hakuna anayevirejea bado, inasubiri viandikwe, ndipo muamala mmoja unabadilisha idadi ya makundi kwenye supabloku. Uzuri wake mkubwa, katika toleo la sasa la muundo wake, ni kwamba bloku za metadata (taarifa za mpangilio wa mfumo, si data yenyewe) hubeba UUID ya mfumo, namba ya mahali zilipo na cheksamu, hivyo mabaki ya mfumo wa zamani yanatambulika mara moja kuwa si yake. Lakini kuhama kunamaanisha kuumba upya na kunakili upya, na XFS ikishakua usitegemee kuipunguza. Kwa seva moja ya shule yenye ext4 nzima, ningebaki na ext4, na muda huo ningeutumia kutafuta betri mpya ya UPS.